Imepanda na nani? Kutafuta kosa unapopima elementi za vumbi la hewani mjini Tanga

Kila msimu kuna mwenzetu anayenipigia simu karatasi ya maabara ikiwa mkononi. "Kaka, risasi imepanda mara tatu, nifanyeje?" Nami humrudishia swali: imepanda na nani? Elementi haisafiri peke yake hewani. Chumvi ya bahari inakuja na sodiamu na klorini pamoja. Vumbi la udongo linaleta silikoni, alumini, chuma na titani kwa mpigo mmoja. Moshi wa kuni na mkaa unabeba potasiamu. Ukiona elementi moja imeruka juu na wenzi wake wamelala, ama kuna chanzo cha pekee sana karibu na wewe, ama imetoka mikononi mwetu. Mara nyingi ni mikononi mwetu.

Nawaandikia watumiaji wa kifaa cha kawaida: pampu inayovuta lita 16.7 kwa dakika, kichwa kinachozuia chembe zinazozidi mikroni 2.5 au 10, na kichujio cha teflon chenye kipenyo cha milimita 47. Kwa saa 24 zinapita mita za ujazo 24 za hewa. Kichujio kinapimwa uzito, kisha kinasomwa kwa mashine ya eksirei, au kinapikwa kwa asidi na maji yake kupelekwa kwenye mashine ya plazma, inayotambua elementi kwa uzito wa atomi zake.

Kitazame kichujio kabla ya kuilaumu mashine

Kishike kwa kibano cha plastiki, ukisogeze kwenye mwanga wa dirisha. Kichujio kizuri kina duara la vumbi lenye ukingo mkali kama limechorwa kwa bikari, na nje ya duara kuna pete nyeupe safi pale mpira ulipobana. Ukingo ukififia, au ukiona michirizi myembamba ya kijivu inatambaa kuelekea pembeni, basi hewa ilipenya kando. Mpira umekauka, au kichujio hakikukaa katikati. Pampu haitakwambia, maana yenyewe inahesabu hewa iliyovutwa tu, haijui imepita wapi. Badilisha mpira, ziba mdomo wa kifaa, washa, na uhakikishe mtiririko unashuka hadi karibu na sifuri kabla ya kuanza tena.

Duara likiwa zito katikati na jepesi pembeni, kumbuka kwamba mashine ya eksirei husoma sehemu ya katikati tu. Itakupa namba kubwa kuliko ukweli. Nukta nyeusi kubwa chache zilizotawanyika kwenye kichujio cha mikroni 2.5 ni dalili kwamba chembe kubwa zimedunda na kupita: grisi ya kwenye kichwa imekauka kwa jua la juu ya paa. Safisha, paka upya.

Rangi nayo inasema. Weusi ni mkaa, kuni na dizeli. Wekundu ni udongo. Lakini kichujio cheupe usikiite kitupu, kwa sababu chumvi ni nyeupe na chokaa ni nyeupe, na Tanga tunazo zote mbili kwa wingi.

Uzito umetoka hasi, au unacheza kila ukipima

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka chembe za mikroni 2.5 zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku. Zidisha kwa mita 24, unapata mikrogramu 360 kwenye kichujio. Huo ndio uzito wote tunaougombania. Ukikosea mikrogramu 40, umekosea zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Mzani ukisogea mbele na nyuma bila kutulia, ni umeme tuli: teflon inaubeba vibaya sana. Pitisha kichujio kwenye kifaa cha kuondoa chaji kila mara kabla ya kukiweka mzanini. Uzito ukitulia lakini ukawa tofauti asubuhi na jioni, tatizo ni unyevu, na hapa pwani linauma zaidi kuliko bara. Chumvi ya mezani inaanza kuyeyuka kwa kunywa maji ya hewa pale unyevu unapofika karibu asilimia 75. Ikishalowa haikauki pale pale: inang'ang'ania maji yake mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 45 hivi. Sasa fikiria chumba cha mizani kilichowekwa asilimia 47. Kichujio kilichofika kikavu kitabaki kikavu, na kilichofika kimelowa kitabaki kimelowa, chumba kile kile, siku ile ile. Kwa vichujio vya Tanga nashauri ukae kati ya asilimia 30 na 40 kwa saa 24 kamili kabla ya kupima, kabla na baada ya kunasa vumbi. Wenzetu wa nyanda za juu wanaweza wasilione tatizo hili maisha yao yote, kwa hiyo usishangae wakikwambia unajisumbua.

Uzito hasi kabisa: angalia kama pete ya plastiki ya kichujio imemeguka, au kama namba za vichujio viwili zimebadilishana.

Pampu ilizima katikati

Asubuhi moja nilifika kubadilisha kichujio, kaunta ikaonyesha saa ishirini na dakika kadhaa. "Shikamoo mzee," nikamwambia mlinzi, "usiku umeme ulikuwepo?" "Marahaba mwanangu. Ulikatika magharibi, ukarudi saa nne." Nilitaka kugawa tu uzito kwa hewa iliyopita na kuendelea. Kihesabu ni sahihi. Lakini saa zilizokosekana ndizo saa ambazo majiko yote ya mtaa yanawaka, ya chakula cha nyumbani na ya biashara, na hewa imetulia. Kichujio kile kilikuwa na mchana mzima na usiku wa manane, bila magharibi. Potasiamu ikatoka ndogo ajabu.

Kwa hiyo andika saa halisi zilizokosekana, si jumla tu. Kawaida kichujio cha siku hukubaliwa kikiwa na saa 23 hadi 25. Kilicho pungufu kiweke kando kwa wastani wa mwaka. Na ukileta jenereta kuziba pengo, bomba lake la moshi liwe mbali, tena upande ambao upepo hautoki, la sivyo utapima jenereta.

Jumla ya elementi imezidi uzito wa kichujio

Hili haliwezekani kimaumbile, na karibu kila mara ni kosa la eneo. Mashine ya eksirei inatoa nanogramu kwa sentimita ya mraba. Lazima uzidishe kwa eneo lenye vumbi, ambalo kwenye kichujio cha milimita 47 huwa karibu sentimita za mraba 11.9. Mtu akichukua kipenyo chote cha 47 anapata 17.3, na kila elementi inapanda kwa asilimia 45 na ushee. Elementi zote zikipanda kwa kiwango kimoja, usitafute chanzo mjini. Rudi kwenye jedwali lako.

Kinyume chake si kosa. Eksirei haioni kaboni, na kwenye mji unaopikia mkaa kaboni ni fungu kubwa. Elementi zikifika sehemu ndogo tu ya uzito, tulia.

Shaba kila siku, zinki hata kwenye kichujio kitupu

Shaba inayotokea mitaa ya Raskazone na Kange kwa kiasi kile kile, Jumapili na Jumatatu, haiwezi kuwa ya mji. Mota za pampu zenye brashi za kaboni zinasaga shaba polepole, na hewa inayotoka nyuma ya pampu inarudi kuvutwa mbele. Shaba ya breki za magari huja na bariamu, antimoni na chuma. Hiyo ya pampu huja peke yake. Vuta bomba la kutolea hewa mita kadhaa mbali, au tumia mota isiyo na brashi.

Zinki ina ujanja mwingine. Tunapenda kuweka vifaa juu ya mabati kwa sababu ndiyo mapaa tuliyo nayo, na mabati yamepakwa zinki. Chumvi ya bahari inalila paa, viganda vyeupe vinapeperuka. Weka kifaa kwenye paa la zege, au inua mdomo wake mita mbili juu ya bati na utandike ubao chini. Glavu zenye unga nazo zinaleta zinki na kalsiamu. Tumia zisizo na unga.

Utajuaje? Kwa vichujio vitupu vya safari: kimoja kwa kila kumi, kinabebwa, kinawekwa kwenye kifaa, kinatolewa bila pampu kuwashwa, kinarudi maabara pamoja na wenzake. Watu wanaviruka ili kuokoa fedha. Tafadhali usiviruke. Bila hivyo huna njia ya kujitetea pale mtu atakapokuuliza kama zinki ni ya hewa au ya sanduku lako. Na usinunue kichujio cha nyuzi za kioo kwa kazi hii hata kikiwa nusu bei: kina sodiamu, bariamu na zinki ndani yake. Cha kwatzi nacho ni silika tupu, silikoni yake huwezi kuipima.

Klorini haiendani na sodiamu

Maji ya bahari yana gramu 1.8 za klorini kwa kila gramu ya sodiamu. Ni uwiano wa kushikilia kichwani kama bei ya sukari.

Ukipata chini ya hapo, si lazima kuwe na kosa. Asidi ya naitriki inayotokana na moshi wa magari inaifukuza klorini kwenye chumvi, nayo inaondoka kama gesi. Chumvi iliyokaa mjini inapungukiwa; ile iliyotua ufukweni dakika chache zilizopita haijapungukiwa. Ukipata juu ya 1.8, tafuta moto wa takataka. Plastiki za mabomba na nyaya zina klorini nyingi, na asubuhi watu wakishafagia ua huwasha rundo lote pamoja na majani.

Ila kwanza hakikisha sodiamu yenyewe. Mwali wake wa eksirei, ambao ndio mashine huutumia kuitambua, una nguvu ndogo sana, karibu keV 1.04 (keV ni kipimo cha nguvu ya mwali), unamezwa hata na chembe yenyewe kabla haujatoka. Kwa mji wa pwani usitegemee sodiamu ya eksirei peke yake. Kata nusu ya kichujio ukaipime kwa njia ya maji. Ukishaiamini, itumie kutoa mchango wa bahari kwenye elementi nyingine: kwa kila gramu ya sodiamu, toa 0.037 ya potasiamu na 0.084 ya salfa. Potasiamu inayobaki ndiyo uijadili na moshi na udongo.

Kalsiamu imepanda na watu wameshajua nani wa kulaumu

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo tunapoweza kumdhulumu mtu. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa, yale yale yenye mapango ya Amboni. Kuna saruji inayotengenezwa upande wa Pongwe, kuna chokaa ya kupaka kuta, kuna nyumba za zamani za mawe ya matumbawe zinazobomoka, kuna barabara zilizomwagwa kifusi cha chokaa. Zote zinatoa kalsiamu.

Anza na silikoni. Saruji ya kawaida ina kalsiamu karibu mara nne na nusu ya silikoni. Chokaa safi ina kalsiamu bila silikoni ya maana. Ganda la dunia kwa wastani lina kalsiamu karibu sehemu moja ya saba ya silikoni, lakini hilo si udongo wa Tanga. Usitumie jedwali la dunia. Chukua udongo wa mtaa wako, wa barabarani na wa uani, uukaushe, uuchekeche, uupeperushe ndani ya boksi safi mbele ya kifaa chako, na uupime kama sampuli nyingine. Ni kazi ya siku mbili na inakuokoa miaka.

Kisha gawa mchana na usiku. Mchana upepo wetu mwingi unatoka baharini kwenda bara. Usiku hewa ya nchi kavu inashuka kuelekea baharini. Kilichoko magharibi, njia ya kwenda Muheza, kama Pongwe, kinakufikia zaidi usiku. Tulipata mtaa mmoja ambao kalsiamu yake ilitisha, na wakazi walikuwa na uhakika inatoka kiwandani. Tukaweka vichujio vya saa kumi na mbili. Kalsiamu ilikuwa ya mchana, tena upepo ukitoka baharini, na iliporomoka Jumapili na siku ya Idi. Karibu yote ilikuwa kwenye chembe kubwa, ambazo hazisafiri mbali. Nikapanda paani saa nne asubuhi nikatazama upande wa upepo: nyumba ya tatu walikuwa wanapiga plasta ghorofa ya pili, mifuko imepasuliwa, vijana wamekuwa weupe kuanzia nyusi hadi viatu. Wale vijana walikuwa wanavuta kalsiamu nyingi kuliko mtaa mzima, na hakuna aliyekuwa amewapimia. Tulimwomba fundi mkuu awape barakoa na alowanishe sakafu kabla ya kufagia. Alikubali.

Siku nyingine namba zinaweza kuelekeza kiwandani kweli. Basi ziseme hivyo zikiwa na usiku na mchana wake, na udongo wake wa mtaa.

Aseniki inakuja na upepo wa kusi

Dalili hii ni ya watumiaji wa mashine ya plazma, na imewatia wengi hofu bure. Namba za aseniki zinatulia wakati hewa imelala, kisha zinapanda siku za kusi kali. Hakuna chanzo cha aseniki baharini kinachoweza kufanya hivyo. Kinachotokea ni hesabu: mashine inatambua aseniki kwa uzito wake, 75. Ndani ya mashine kuna gesi ya argoni yenye uzito 40. Klorini ya chumvi ina uzito 35. Zikishikana zinakuwa 75, na mashine haina macho ya kutofautisha.

Ukubwa wa tatizo unaonekana ukipiga hesabu ya mfano. Nanogramu moja ya aseniki kwa mita ya ujazo inaacha nanogramu 24 kwenye kichujio. Mikrogramu mbili za klorini kwa mita ya ujazo, jambo jepesi karibu na bahari, zinaacha nanogramu 48,000. Klorini ni mara elfu mbili. Hata zikishikana chache sana, zinatosha kukudanganya.

Angalia uzito 77. Klorini ina ndugu mzito wa 37, ambaye ni kama theluthi ya yule wa 35, naye akishikana na argoni anatua 77. Kama 75 na 77 zinapanda na kushuka pamoja kwa uwiano wa tatu kwa moja, una chumvi, huna aseniki. Hakikisha tu si seleniamu, ambayo nayo inakaa 77. Iulize kwenye 82, uzito mwingine wa seleniamu. Ukiona vanadiamu nayo imepanda siku hizo hizo, ni ushahidi zaidi: klorini 35 na oksijeni 16 zinafanya 51, uzito wa vanadiamu.

Dawa ni kuwasha chumba cha mgongano chenye gesi ya heli, inayovunja au kuchelewesha vishikano hivyo. Pika sampuli kwa asidi ya naitriki, na usiongeze asidi ya haidrokloriki pasipo sababu, maana utakuwa unamwaga klorini nyingine kwa mkono wako. Kupasha moto kwa naitriki kunaondoa sehemu ya klorini. Usikaushe kabisa, kwani aseniki nayo huruka pamoja na klorini hiyo, na hapo utatoka kwenye namba ya uongo ya juu hadi namba ya uongo ya chini.

Risasi kwenye eksirei

Kwenye eksirei mwali mkuu wa risasi uko keV 10.55 na wa aseniki 10.54; ni kilele kimoja. Mwali wa risasi wa chini, 2.35, umepandana na wa salfa, 2.31, na salfa haikosekani kamwe hewani. Tazama mwali wa pili wa risasi, 12.6. Kama haupo, hakuna risasi, hata programu ikisema ipo.

Kama upo, muulize mwenzi wake. Petroli yenye risasi iliondoka kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo usiilaumu barabara haraka. Risasi ikija na antimoni, fikiria betri za magari, na mtu anayeziyeyusha karibu, pengine kutengeneza risasi za nyavu. Kama ni hivyo, acha ripoti mezani uende ukazungumze naye siku hiyo hiyo, hasa ukiona watoto uani.

Alumini na kromiamu zinatoka pungufu

Naitriki haivunji madini ya udongo. Pima kila mara sampuli ya rejea ya NIST 1648a (vumbi la mjini lenye viwango vinavyojulikana, kutoka taasisi ya vipimo ya Marekani) pamoja na zako; ikitoka pungufu kwa alumini, titani na kromiamu tu, kosa ni la upikaji. Asidi ya haidrofloriki inavunja, lakini inapenya ngozi na kufuata kalsiamu mwilini, na inaua. Kama maabara haina jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kuungua kwa asidi hiyo, na mtu aliyefundishwa, ziache elementi hizo zisomwe kwa eksirei.

Vanadiamu ya bandarini imetoweka

Zamani meli ilijulikana kwa vanadiamu kuzidi nikeli karibu mara tatu, kwa sababu ya mafuta mazito. Tangu Januari 2020 kikomo cha salfa kwenye mafuta ya meli kimeshuka kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na mafuta mengi mapya yana vanadiamu kidogo sana. Kwa hiyo kichujio cha bandarini kisicho na vanadiamu usikiandike kuwa kibovu, wala usitumie uwiano wa vitabu vya zamani kudai kwamba meli hazichafui. Tazama salfa iliyobaki baada ya kutoa ya bahari, tazama nikeli, kisha uulize ni meli gani zilikuwa gatini siku hiyo na zilikaa saa ngapi injini zikinguruma.